Kona ya Maksai na Somo la Mapipa Matatu

Mada kwa semina ya maafisa ugani, wakufunzi na wakulima wanaotumia wanyamakazi, Tabora



Mkulima akija kulalamika juu ya maksai wake, msikilize vizuri: mara nyingi tatizo lake liko mwisho wa shamba. Katikati ya shamba ng'ombe wanakwenda, plau inazama, mstari umenyooka. Wakifika mwisho, mmoja anatangulia, mwenzake anarudi nyuma, nira inakaa upande, mnyororo unaingia miguuni, mtoto anayeongoza anaruka kuokoa vidole vyake na mshika plau anapiga kelele zinazosikika kwa jirani. Fimbo inafuata. Wakishatulia wanarudi kwenye mstari, na mwisho wa pili mambo ni yale yale. Katika shamba fupi, kama yalivyo mengi ya kwetu, sehemu kubwa ya asubuhi inapotelea kwenye kona hizo.

Ninachotaka kuwashawishi leo ni kwamba kona ya maksai huharibika hatua kadhaa kabla ya kona yenyewe, na kwamba hairekebishwi shambani. Hufundishwa peke yake, uwanjani, polepole, kiangazi, kabla ya plau kufungwa. Ushahidi wangu mkubwa unatoka kwenye mchezo wa farasi wa Marekani. Najua wengine mtacheka, kwa hiyo niseme kwanza kwa nini ujuzi huu wa kumgeuza mnyama haukukomaa katika njia zetu wenyewe.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka hapa hadi Ujiji, iliendeshwa kwa mabega ya watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo thelathini na zaidi, nguo na shanga akipanda bara, pembe za ndovu akiteremka pwani. Wageni waliodhani mnyama angefanya kazi hiyo vizuri zaidi walijifunza kwa gharama. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 na farasi wawili. Wote walikufa safari ikiwa bado changa, naye akafika Tabora mwezi Juni bila wao. Mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alijaribu ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa mwaka 1876, akaona inawezekana. Mwaka uliofuata wamisionari walirudi na magari ya kukokotwa na maksai, na maksai wakafa, ikabidi wapagazi waitwe. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alilipia tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani ili wabebe mizigo hadi Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Aliyefika ni mmoja.

Adui mkubwa wa mifugo njiani alikuwa mbung'o, na katika misitu ya miombo ya Urambo, Kaliua na Sikonge hajaondoka mpaka leo. Lakini liko jambo la pili ambalo waandishi hulipita haraka, nalo ni umbo la njia. Njia iliyokanyagwa na watu wanaofuatana mmoja mmoja hupinda kila penye kisiki, jiwe au mti ulioanguka. Mtu mwenye mzigo kichwani hupinda nayo bila kufikiri. Kitu chenye magurudumu hakiwezi. Mwaka 1882 Edward Hore, naye wa London Missionary Society, alipeleka boti ya chuma iitwayo Morning Star kutoka pwani hadi Ujiji ikiwa vipande vipande juu ya mikokoteni, na waliovuta mikokoteni hiyo walikuwa watu. Nikiisoma habari hiyo siwazi juu ya uzito. Nawaza kona: watu wangapi walikaza kamba upande wa nje, na wangapi walizuia upande wa ndani, ili kipande kirefu cha chuma kipite kwenye njia ya upana wa mtu mmoja.

Kwa hiyo kilimo cha plau kilikuja kwetu kutoka kaskazini, Usukumani, pamoja na pamba, na kikashuka Igunga na Nzega na familia zilizohama na mifugo yao. Kilikuja kikiwa na ujuzi wa mstari, kwani maeneo ya mbuga ni wazi na mashamba ni marefu. Shamba la tumbaku lililokatwa msituni, lenye visiki na matuta ya kwenda na kurudi, linadai kona nyingi zaidi. Hapo ndipo ujuzi tuliorithi unapopungua.

Sasa tuje kwa farasi. Marekani kuna mashindano ambayo mpanda farasi anazunguka mapipa matatu yaliyopangwa pembetatu, kisha anarudi mbio alikotoka. Wanaoshindana kwa wingi ni wanawake, na chama chao kiliundwa mwaka 1948. Katika kipimo cha kawaida pipa la kwanza na la pili huachana futi 90, yaani kama mita 27. Kila moja liko futi 105, kama mita 32, kutoka pipa la tatu. Na mstari wa kuanzia uko futi 60 kabla ya mapipa hayo mawili ya kwanza. Farasi anazunguka pipa la kwanza upande mmoja na mawili yanayobaki upande wa pili. Pipa likianguka, sekunde 5 zinaongezwa, na katika mchezo ambao mbio nzima ni kama sekunde 17, aliyeangusha pipa ameshindwa.

Kwenye njia iliyonyooka farasi wazuri hawaachani sana. Mshindi anapatikana kwenye mapipa. Na makosa yanayoonekana pipani huwa yameanza mbali nalo. Mpanda farasi mwenye pupa humfikisha mnyama na kasi yote. Mnyama anadondosha bega la ndani, analala upande wa pipa na kuliangusha, au anapitiliza na kuzunguka mbali. Walimu wa mchezo huo hufundisha kupunguza kasi kabla ya pipa, kuacha nafasi wakati wa kuingia ili kutoka iwe karibu na pipa, kuhakikisha mguu wa nyuma wa ndani unaingia chini ya tumbo na kubeba mwili, na kutazama mahali unapokwenda badala ya kulitazama pipa. Haya yote hufundishwa kwa mwendo wa kutembea kwanza. Farasi hutembea njia hiyo muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kukimbia.

Mfano mmoja unatosha. Charmayne James na farasi wake Scamper walitwaa ubingwa wa dunia mara 10 mfululizo, kuanzia 1984 hadi 1993. Katika fainali za 1985 hatamu ya Scamper ilimtoka kichwani katikati ya mbio. Aliendelea kuyazunguka mapipa bila hatamu, na wakashinda raundi ile. Wengi huisimulia kama miujiza. Mimi naiona kama hesabu ya mazoezi: mnyama alikuwa anaijua kazi, na kamba ilikuwa ukumbusho tu. Mkulima anayetegemea mtoto wa kuvuta kamba za pembe kila kona hajafika hapo, na mtoto huyo alitakiwa awe shuleni.

Maksai ni wawili chini ya nira moja, na hilo linaifanya kona yao kuwa ngumu kwa namna ambayo farasi haijui. Tupige hesabu. Chukua nira ambayo shingo zimeachana mita 1. Wanageuka nusu duara, na wa ndani anazunguka kwa nusukipenyo cha mita 1. Atatembea kama mita 3.1, na wa nje mita 6.3, maradufu kamili. Nira ya kupalilia mahindi yaliyopandwa kwa nafasi ya sentimeta 75 huwa ndefu zaidi, mita 1.5 kati ya shingo na shingo, kwa kuwa kila ng'ombe anapita kwenye nafasi yake. Hapo wa ndani bado ana mita zake 3.1, na wa nje anafikia 7.9. Wakitembea kwa kasi sawa, nira lazima ikae upande, kamba ya koo imkabe mmoja na kijiti cha nira kimchubue mwingine. Vidonda vingi vya shingo tunavyovitibu Desemba vimezaliwa hapa, ingawa mkulima atakuambia ni mbao mbaya.

Kugeuka vizuri basi ni kumfundisha wa ndani kufupisha hatua na wa nje kurefusha. Sasa angalieni fimbo inampiga nani. Mwongozaji hutembea upande wa ndani wa kona, kwani ndiko njia ni fupi. Akitaka wageuke haraka, anampiga aliye karibu naye, yaani ng'ombe wa ndani, ambaye ndiye aliyetakiwa kupunguza. Ng'ombe anaruka mbele, kona inafunguka, na anapigwa tena kwa kosa la kutii. Nimeona hili mara nyingi kiasi kwamba sasa naliangalia kwanza, kabla ya nira na kabla ya afya ya mnyama. Fimbo, ikilazimu kutumika, iwe ya kugusa tu, na imguse wa nje kwenye paja. Wa ndani azuiwe kwa sauti.

Sauti yenyewe iwe moja, na itoke mapema. Kila nyumba ina maneno yake na majina ya ng'ombe wake, nami sioni sababu ya semina kuyabadilisha. Ila baba asitumie neno moja na kijana wake jingine. Na neno litoke hatua tatu au nne kabla ya mwisho, wakati bado kuna nafasi ya kupunguza. Likitoka wakati pua ziko kwenye ua wa jirani, limechelewa.

Mshika plau naye ana sehemu yake. Jembe likibaki ardhini wakati wanyama wanaanza kugeuka, wanavuta uzito kutoka pembeni na nira inasokotwa. Plau itolewe kwanza: wapunguze, mikono ya plau isukumwe chini ili jembe lipande juu, plau ilazwe ubavu, ndipo wageuke. Hili nalipita haraka kwa sababu wengi wenu mnalijua. Tatizo ni kulifanya saa tano asubuhi wakati jua limewaka.

Pendekezo langu ni kuchukua mapipa matatu ya lita 200, yale ya mafuta yanayopatikana kwa wingi mjini, na kuyapanga kwa nusu ya kipimo cha Marekani: mita 14 kati ya la kwanza na la pili, mita 16 kutoka kila moja hadi la tatu. Uwanja wa kijiji unatosha. Umbo hilo linafaa kwa sababu linadai kona za pande zote mbili. Maksai wetu hufungwa upande ule ule wa nira maisha yao yote, na jozi nyingi hugeuka vizuri kushoto na vibaya kulia, au kinyume chake. Kwenye matuta, ambako kila mwisho una kona ya upande tofauti na uliotangulia, upungufu huo unajitokeza kila mstari wa pili.

Waanze mmoja mmoja kwa kamba, bila nira. Kisha jozi chini ya nira, bila mzigo. Kisha gogo dogo la kuburuta, na mwisho plau iliyolazwa. Wasipandishwe hatua mpaka wazunguke mapipa yote matatu pande zote mbili bila nira kukaa upande. Mazoezi yawe mafupi, asubuhi na mapema, Julai hadi Septemba. Oktoba majani yamekwisha na mnyama amekonda, na Novemba mvua ikinyesha hakuna mwenye subira. Kwa maeneo yenye mbung'o, mnyama apimwe kwanza: anayetembea kwa uchovu kwenye kona huenda ana nagana, ugonjwa wa mbung'o, na hakuna zoezi litakalomponya.

Neno kuhusu punda, kwa sababu mjini Tabora na barabara za vijijini yeye ndiye anayepeleka maji. Asifungwe nira ya ng'ombe. Hana nundu ya kusukumia. Anavuta kwa kifua, hivyo apewe ukanda mpana wa kifuani, na ukanda wa nyuma ya mapaja wa kuzuia mkokoteni usimsukume. Kwenye kona, pipa la maji lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa kabisa. Maji yanakimbilia upande wa nje, mkokoteni unainama, punda anasimama, na mtu anasema punda ni mkaidi. Pipa lijazwe kabisa, au punda apewe madumu. Tukumbuke pia kwamba serikali ilipiga marufuku uchinjaji wa punda mwaka 2022, baada ya machinjio ya Shinyanga na Dodoma kuwapunguza kwa biashara ya ngozi. Punda tulionao ni wa kutunza.

Kesho saa moja asubuhi tutakuwa uwanjani na jozi mbili, moja iliyozoea plau na nyingine ambayo haijawahi kufungwa nira. Naomba washiriki wagawanyike: nusu waangalie miguu ya ng'ombe wa ndani, nusu waangalie mkono wa mwongozaji, na kila mmoja aandike ni pipa lipi nira ilianza kukaa upande na hatua ngapi kabla ya pipa hilo. Jozi isiyowahi kufungwa itazunguka kwa kamba tu, mmoja mmoja. Fimbo zibaki kwenye gari.