Maji Yakishuka Ghorofani: Kuilinda Fleti na Haki ya Bima

(Mada iliyotolewa katika mkutano wa wakazi wa kata wanaomiliki fleti)



Hasara nyingi za majengo ya ghorofa huanzia bombani. Maji yamekatika mchana. Mtu hufungua koki, haitoki hata tone, akaiacha wazi na kwenda zake kazini. Usiku maji hurudi kwa kasi, sinki limezibwa na vyombo, na alfajiri dari ya jirani wa chini imelowa, kabati lake limevimba na nyaya zake zimepiga shoti. Mwenye fleti ya juu hakukusudia lolote, lakini swali la nani atalipa huwa limekwisha bisha hodi.

Sheria ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za jengo humwezesha mtu kuwa na hati ya fleti yake, huku paa, ngazi na mabomba makuu yakibaki mali ya wamiliki wote. Mgawanyo huo huonekana pia katika bima. Bima inayokatwa na chama cha wamiliki hulinda jengo. Haigusi kochi, friji wala nguo za mtu. Bima ya benki, kwa aliyenunua kwa mkopo, nayo hutazama jengo lililowekwa rehani. Vyombo vya ndani huhitaji bima yake, na madhara aliyoyapata jirani huhitaji kipengele cha dhima kwa mtu wa tatu. Kipengele hiki ndicho wengi hukiruka ili kupunguza ada, nacho ndicho kinachohitajika zaidi pale watu wanapoishi juu ya vichwa vya wenzao.

Kukata bima hakutoshi. Bima hulipa ajali ya ghafla; hailipi uchakavu. Bomba lililopasuka usiku mmoja ni ajali. Doa la unyevu lililopakwa rangi kila mwaka bila fundi bomba kuitwa ni uzembe, na mkaguzi wa hasara hulitambua kwa kutazama kutu na ukungu tu. Hivyo risiti ya fundi ina thamani yake mahakamani na kwa bima pia. Boya la tangi likaguliwe, njia ya maji ya roshani izibuliwe kabla ya masika, mpira wa gesi ubadilishwe ukianza kupasuka. Kazi ya umeme apewe fundi mwenye leseni ya EWURA. Kila mtu wa nyumbani, hata dada wa kazi, ajue koki kuu ilipo, na ifungwe kabla ya safari. Mikataba mingi hupunguza kinga nyumba ikikaa tupu mfululizo, mara nyingi zaidi ya siku 30.

Kampuni ielezwe ukweli. Fleti iliyokatiwa bima kama makazi, kisha ikageuzwa saluni au nyumba ya wageni wa siku chache, inaweza kunyimwa fidia yote. Thamani nayo isipunguzwe. Vyombo vyenye thamani ya shilingi milioni 40 vikikatiwa bima ya milioni 20, hasara ya milioni 10 inaweza kulipwa milioni 5 tu, kwa kuwa kampuni hufuata uwiano. Kwa mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake chote katika fleti, nusu hiyo si jambo dogo.

Ajali ikitokea, maji na umeme vifungwe kwanza. Ukiwa ni moto, Zimamoto wapigiwe 114. Picha zipigwe kabla ya kufagia, vitu vilivyoharibika visitupwe, na kampuni iarifiwe ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba. Jirani apewe pole, kwani huo ni ubinadamu. Lakini kumwandikia ahadi ya kumlipa kabla ya kampuni kuridhia kunaweza kuivunja kinga yenyewe.

Madai yakikataliwa, mwenye bima adai sababu kwa maandishi na kuwasilisha malalamiko kwa kampuni husika. Asiporidhika, iko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, na iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Aende na nakala ya mkataba, risiti za ada, picha na zile risiti za fundi.