Lugha ya Mgonjwa Katika Tiba ya Batini ya Nafsi



Sitawachosha kwa maelezo ambayo kila aliyehudhuria semina hii amekwisha kuyasoma. Itoshe kusema kwamba uchanganuzi nafsi, ulioasisiwa na Sigmund Freud mjini Vienna mwishoni mwa karne ya 19, unashikilia kuwa sehemu kubwa ya matamanio, hofu na kumbukumbu za mwanadamu imesitirika hata mwenyewe asiijue, katika hali ambayo wahakiki wetu wa fasihi huiita ung'amuzi bwete, nami napenda kuiita batini ya nafsi. Na kwamba mgonjwa hulazwa juu ya kochi, akatakiwa aseme kila limpitalo moyoni pasipo kuchuja, ilhali tabibu anasikiliza.

Kusikiliza huko ndiko kulikonishughulisha miaka mingi. Tiba hii haina dawa ya kumeza wala kisu. Ala yake ni maneno, na maneno ya mgonjwa katika wodi zetu aghalabu hayamfikii tabibu ila yamekwisha kubadilishwa.

Yule binti wa Vienna aliyetibiwa na Josef Breuer kuanzia 1880 hadi 1882, ambaye habari zake Breuer na Freud walizitoa kitabuni mwaka 1895 kwa jina la Anna O., alifikia wakati ulimi wake ukakikataa Kijerumani alichozaliwa nacho, akawa hasemi ila Kiingereza. Na maadamu Breuer alikifahamu Kiingereza, mazungumzo yaliendelea, hata mgonjwa mwenyewe akaipa tiba ile jina kwa Kiingereza hicho hicho: tiba ya maongezi. Tabibu ndiye aliyeifuata lugha ya mgonjwa.

Kwetu mambo ni kinyume. Katika hospitali moja, ambayo si lazima kuitaja, nilishuhudia mama mmoja akihojiwa na tabibu mgeni kwa njia ya mkalimani. Alikusudia kusema kwamba usingizi ulimtoka tangu mumewe alipofika kutoka safarini. Kinywa kikatamka "tangu mume wangu alipofariki", akashtuka, akajishika mdomo, akasahihisha. Mkalimani, kwa adabu na nia njema, alitafsiri lile lililosahihishwa tu. Faili ikaandikwa kwa Kiingereza kwamba mgonjwa hapati usingizi tangu mumewe arejee, na neno lile jingine, ambalo huenda ndilo lililobeba maradhi yenyewe, halimo hata leo. Wazee waliotuusia kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi walijua vyema ulimi unaweza kufichua nini. Freud naye aliyaandikia maponyoko ya ulimi kwa kirefu mwaka 1901. Nasi tunayafuta!

Wala asidhani mtu kwamba kosa hili ni la wageni peke yao. Tabibu aliyezaliwa Lamu au Tanga husikia Kiswahili na papo hapo kalamu yake ikaandika Kiingereza, ndivyo alivyofundishwa, hali Freud mwenyewe mwaka 1912 aliwanasihi matabibu wasiandike wakati mgonjwa anasema, kwa kuwa anayeandika huteua, na anayeteua mapema hupata lile tu alilokwisha kulitarajia.

Sisemi haya kuilaumu idara yoyote. Natambua matabibu ni haba na wagonjwa ni wengi. Lakini nimeyaeleza katika taarifa mara kadha wa kadha, na kila mara nimejibiwa kwamba yatatazamwa.

Kwa hiyo napendekeza kwamba maneno ya mgonjwa yaandikwe kwa lugha aliyoyasema, baada ya kikao, pamoja na makosa na masahihisho yake. Kwamba wakalimani wa wodi wafunzwe kutosafisha usemi wa mgonjwa, na walipwe kwa kazi hiyo, badala ya kuokotwa ukumbini. Kwamba mafunzo ya tiba hii yatolewe kwa Kiswahili japo kwa sehemu. Kwamba istilahi zake zikubaliwe, maana leo vyuo viwili huliita jambo moja kwa majina matatu. Kwamba mgonjwa asemaye Kigiriama au Kimakonde atafutiwe tabibu wa lugha yake kabla ya kutafutiwa mkalimani. Na narudia, kwamba faili ihifadhi maneno yenyewe.

Nawaomba wajumbe, mtakapoketi kesho kuandika maazimio ya semina hii, myaandike kwa Kiswahili.