Agapanthasi: Pamba Ukingo wa Bustani Yako

Leo tunazungumzia ua linalodumu miaka mingi: agapanthasi, lenye vichala vya buluu au vyeupe. Asili yake ni kusini mwa Afrika, na hustawi vizuri nyanda za juu kama Limuru na Lushoto.

Chagua ukingo wa bustani unaopigwa na jua. Tifua udongo, changanya samadi iliyooza, kisha panda mvua zinapoanza, ukiacha kama sentimeta 40 kati ya mche na mche. Maji yasituame, maana mizizi yake minene huoza. Mimea ikishashika, huvumilia kiangazi.

Maua yakinyauka, kata vikonyo chini ili mmea usimalize nguvu kwa kutengeneza mbegu. Baada ya miaka 4 hivi, mashina husongamana na maua hupungua. Ng'oa, gawanya kwa panga kali, kila kipande kibaki na majani na mizizi, kisha panda tena. Kinachozidi, mpe jirani.

Tahadhari: utomvu wake huwasha ngozi, na mmea ukiliwa hudhuru. Vaa glavu, na waangalie watoto.

Anza na mche mmoja msimu huu. Ukiutunza, utakuzalia ukingo mzima.