Springi za Nyuma Zinapolia



Mtu akisimama alfajiri mjini Homa Bay, au penye njia panda ya Rongo, au sokoni Migori, atazisikia pikapu kabla hajaziona. Zimepakia magunia ya omena waliokaushwa ufukoni, au ndizi, au mchanga. Na kila gurudumu linapoingia shimoni, sehemu ya nyuma hulia kama kitanda cha zamani. Mwenye gari amekwisha kuzoea. Siku kelele zinapomchosha huchukua oili chafu iliyotolewa katika injini akazimwagia springi, na kwa siku mbili tatu huwa kimya. Kisha kilio hurudi, tena kikali kuliko cha kwanza.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Springi ya nyuma ya pikapu ni vyuma bapa vilivyopindwa mfano wa upinde, kirefu juu na vifupi chini yake, vikafungwa pamoja katikati. Springi za namna hii zilitumika Ulaya katika magari ya farasi kabla motokaa haijabuniwa. Gari likipanda na kushuka, vyuma hivyo huteleza kimoja juu ya kingine, na penye ncha ndipo vinapokwaruzana zaidi. Vumbi la murram hupenya humo, na maji yanayovuja katika makasha ya samaki wabichi huleta kutu. Oili hunasa vumbi hilo, na mchanganyiko wake husaga chuma kama tupa. Zaidi ya hayo, oili huziharibu bushi za mpira zilizomo katika ncha za springi.

Basi kwanza ijulikane ni wapi panapolia. Njia yake haitaki fedha. Mtu mmoja aitikise pikapu kwa nyuma, na mwingine amwagie maji kidogo kidogo, kwanza penye ncha za vyuma, halafu penye bushi. Maji yakifika mahali na kelele zikakoma, ndipo penyewe.

Lakini kabla ya kutafuta kimya, springi isafishwe kwa brashi ya waya na kutazamwa vizuri juani, maana mara nyingine kilio huficha ufa. Ufa hupenda kuanza karibu na boliti ya katikati, mahali palipofunikwa, na mara nyingi dalili yake ni uzi mwembamba wa kutu. Gari linaloinama upande mmoja hali halina mzigo nalo litiliwe shaka. Chuma kikuu kikikatika, au boliti hiyo ikikatika, ekseli yaweza kusogea na gari likaenda mshazari barabarani, pengine na abiria wameketi juu ya magunia, ambao hawakustahili kuwapo hapo.

Wako mafundi watakaojitolea kuuchomelea ufa huo kwa bei nafuu. Wakataliwe kwa adabu. Chuma cha springi kilipata nguvu na wepesi wake wa kupinda kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa kuchomelea huviondoa vyote viwili, na chuma hukatika tena kando ya kovu. Dawa yake ni kubadilishwa. Wala kuongeza chuma kimoja ili gari libebe zaidi hakufai, kwa kuwa ekseli na breki hazikuongezwa.

Ikiwa vyuma ni vizima, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe, na chasisi, si ekseli, iinuliwe kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi imara. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikwa na jeki pekee. Springi ikining'inia, ncha zake hufunuka kidogo. Hapo kutu hukwanguliwa, kisha hupakwa grisi yenye grafiti, kidogo tu. Magari mengine yana vipande vya plastiki au mpira katikati ya ncha hizo. Hivyo havitaki grisi, bali vikichakaa hubadilishwa. Bushi za mpira nazo ni vivyo hivyo, na boliti zake hukazwa baada ya gari kushushwa chini.

Kama zile boliti za umbo la herufi U zilifunguliwa, zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, gari likiwa juu ya magurudumu yake. Na baada ya safari chache za mzigo zikazwe tena, kwa sababu vyuma vilivyosafishwa hujipanga upya na nati hulegea.