Chupa za Maji ya Nyamwamba

Msikilizaji, mgodi wa shaba wa Kilembe, magharibi mwa Uganda, ulifungwa miaka mingi iliyopita, lakini mabaki yake bado yamelala kando ya mto Nyamwamba, na mto huo unapita Kasese mjini. Shaba na kobalti zimepimwa katika maji na udongo wa huko. Je, mtoto wa Kasese atapata nafasi ya kuzipima mwenyewe?

Mfikirie kijana wa Bwera, wilayani Kasese, anayesomea shahada ya uzamivu ya kemia. Amejaza chupa ndogo, ameziandika tarehe, amezipanga ndani ya kisanduku cha barafu. Sasa anapanda basi kwenda kuzipima Kampala, kilomita zaidi ya 300, barafu ikiyeyuka mapajani. Kichwani ana karo za wadogo zake. Wenzake kadhaa waliacha masomo hapo, ingawa akili wanayo tele.

Hata Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka wa Kongo na kufika hapa kwetu Kasese, sampuli zilipimwa Entebbe, mbali sana na hapa. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Njia ipo. Muungano wa CARTA, ulioanzishwa 2008, umewakutanisha wanafunzi wa uzamivu wa afya ya jamii kutoka vyuo vikuu vya Afrika, Makerere kikiwemo. Walisoma pamoja, wakasimamiwa kwa karibu, hawakuachwa wapweke. Wahandisi na wanakemia wetu wapewe nafasi kama hiyo. Na mashine moja ya kupima metali iwekwe Kasese, pamoja na fundi wake wa kudumu.