Sambusa za Asubuhi ya Idi



Mwezi 29 Ramadhani ni siku ya mashaka jikoni. Nyama imekwisha kusagwa, manda zimenunuliwa Kariakoo, lakini hakuna ajuaye kama kesho ni Idi au ni kukamilisha 30, mpaka Mufti atangaze kuandama kwa mwezi. Aliyekwisha kujaza sambusa mia hana budi kuzilaza. Mashaka hayo ndiyo yaliyotuleta mbele yenu, kwani sambusa iliyolala vibaya huiharibu sikukuu ya nyumba nzima, na wanaoumia zaidi ni watoto, wazee na wajawazito.

Wengi hudhani kwamba mafuta ya moto husafisha kila kosa. Sivyo. Baadhi ya bakteria wa nyama, kama Clostridium perfringens, hujihifadhi katika ganda gumu lisiloharibiwa na kuchemsha. Sufuria kubwa ya nyama ikiepuliwa usiku na kuachwa imefunikwa hadi daku, katika joto hili letu la Dar es Salaam, katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Hapo ndipo bakteria hao huamka na kuongezeka. Wengine, watokao katika mikono yenye vidonda, huacha sumu isiyoondolewa hata na karai la mafuta. Tena manda ni nyembamba. Hubadilika rangi kabla nyama ya ndani haijapata moto.

Kwa hiyo, nyama ikiiva na kukauka maji, itandazeni katika sinia pana, isizidi unene wa vidole viwili, ipoe upesi, kisha iingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita. Vitunguu na giligilani vichanganywe ikiwa baridi. Jazeni, mzibe kwa uji wa ngano, mzipange bila kugusana, mzigandishe zikiwa mbichi bila kuzikaanga. Zikishakuwa ngumu, zitieni katika mifuko na kuandika tarehe. Kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri, mwezi ukiandama leo au kesho hapatakuwa na hasara.

Asubuhi ya Idi msiziyeyushe kwanza. Zikaangwe zikiwa na barafu yake, chache chache, kwa moto wa wastani. Pasueni moja: mvuke utoke katikati, si pembeni tu.

Umeme nao hukatika. Hilo hatuhitaji kuwaeleza. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huhifadhi ubaridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Sambusa zilizolainika na kupata uvuguvugu zitupwe, ingawa tunajua bei ya kilo ya nyama wakati wa sikukuu.

Kuhusu manda: za pakiti ziwe na jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Zile za kusukumwa kwa mkono, zinazouzwa zimeviringwa katika nailoni, kwa kweli nyingi ni tamu kuliko za pakiti, nasi hatuwakatazi. Muulizeni muuzaji amezichoma lini. Zenye madoa ya ukungu au utelezi ziacheni hapo hapo, wala msikubali kupunguziwa bei.

Na nyama inunuliwe kwenye bucha ambako mhuri wa mkaguzi unaonekana, isagwe mbele yenu, iwe ya mwisho kununuliwa kabla ya kupanda daladala.