Rajat Neogy na Suala la Lugha katika Miaka ya Mwanzo ya Transition

Mnamo Novemba 1861 John Hanning Speke aliwasili katika ikulu ya Rumanyika, Mukama wa Karagwe. Katika kitabu cha safari yake aliandika jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili katika historia ya Kiswahili: salamu za kwanza za mfalme huyo zilitolewa kwa Kiswahili kizuri. Pwani ilikuwa mbali mno, lakini lugha ilikuwa imekwisha kutangulia pamoja na misafara ya biashara. Miaka mia moja baadaye, Novemba 1961, ng'ambo ya Mto Kagera ambao leo ni mpaka wa Kyerwa na Uganda, kijana wa miaka 22 alitoa mjini Kampala toleo la kwanza la jarida la Transition. Lugha yake ilikuwa Kiingereza.

Kijana huyo, Rajat Neogy, alizaliwa Kampala mwaka 1938 na wazazi wenye asili ya Bengali. Alisoma London, kisha akarejea nyumbani wakati Uganda ilipokuwa inaukaribia uhuru. Hakuwa na chama wala chuo nyuma yake. Alichokuwa nacho ni imani kwamba wasomi wa Afrika Mashariki walihitaji ukumbi wa kubishana bila kuombana radhi.

Juni 1962 waandishi Waafrika wanaotumia Kiingereza walikutana Makerere. Sharti la lugha lilitosha kumweka nje Shaaban Robert, ambaye alifariki mwezi huohuo. (Chinua Achebe alikuwapo, Ngũgĩ wa Thiong'o pia, akiwa bado mwanafunzi.) Mwaka uliofuata, katika toleo la 10, Neogy alichapisha makala ya Obi Wali wa Nigeria, aliyedai kwamba fasihi ya Kiafrika inayoandikwa kwa lugha za Ulaya inaelekea mahali pasipo na njia. Majibu yalikuwa makali, na Ezekiel Mphahlele alikuwa miongoni mwa waliojibu. Achebe naye aliutetea uamuzi wa kutumia Kiingereza katika toleo la 18, mwaka 1965. Hapa ndipo sifa ya Neogy kama mhariri inapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote: alichapisha hoja iliyokuwa inalikata tawi alilolikalia yeye mwenyewe. Hata hivyo, mjadala wote huo uliendeshwa kwa Kiingereza, katika mwaka uleule wa 1963 ambapo tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari ilitolewa kwa Kiswahili. Ushahidi kwamba lugha ya Kiafrika inaweza kuubeba mzigo ulikuwa umekwisha kupigwa chapa jirani kabisa.

Mwaka 1967 ilifichuka kwamba taasisi ya kimataifa iliyolisaidia jarida kwa fedha ilikuwa ikipokea pesa za shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Neogy alieleza kwamba hakujua, na badala ya kunyamaza alichapisha mahojiano juu ya suala hilo katika jarida lake mwenyewe. Wapo waliomwamini na wapo waliokataa. Lakini mhariri anayeificha aibu hafanyi hivyo.

Pigo kubwa zaidi lilitoka nyumbani. Oktoba 1968 serikali ya Milton Obote ilimkamata pamoja na mbunge Abu Mayanja, kwa sababu ya barua ya Mayanja iliyogusa uteuzi wa majaji Waafrika. Mashtaka yalikuwa ya uchochezi. Mahakama haikuwatia hatiani, lakini Neogy aliendelea kushikiliwa hadi Machi 1969. Uraia wake ulikuwa umekwisha kutiliwa shaka na wakubwa, na mji aliozaliwa haukumkalika tena.

Transition ilifufuka Accra mwaka 1971, na baadaye Wole Soyinka akaupokea uhariri. Neogy alifia San Francisco mwaka 1995. Ngũgĩ, yule mwanafunzi wa Makerere, alikuwa amekwisha kuhamia Kigikuyu katika riwaya zake.